Mail Kumi na Moja

Léocadie alimtambua kwa mgongo. Sokoni Kiwanja, mbele ya kibanda cha kuchajia simu, katikati ya watu waliokimbia volkano ya Goma, Murhula alisimama na shati lake la kazi la ofisi yao ya Himbi, kule Goma, limejaa vumbi. Siku sita namba yake haikupatikana, wala yeye hakupiga. Na sasa lori la Sibomana, baba mdogo wa Léocadie, lilikuwa linapakiwa vitu vyake, limpeleke Butembo.

"Papa Murhula," alisema. Zamani alimwita sheri, mpenzi.

Murhula akageuka, akanyoosha mikono kwa Chance, mtoto wao, aliyefungwa mgongoni kwa kitenge cha kijani. Léocadie akarudi hatua moja.

"Ulitutupa."

"Simu yangu ilianguka tukikimbia, na namba yako haiko kichwani. Anuani yako ya mail ya kazi ndiyo ninajua, ni mimi niliifungua kule bureau ya Himbi. Nilikuandikia kila siku, siku zingine mara mbili, kwa kompyuta ya watu. Ulipokosa kujibu, nikapanda pikipiki mpaka huku kwenu."

"Hakuna mail iliingia."

"Leta simu."

Lori likapiga honi.

"Uko na dakika mbili, fundi," Léocadie akasema, akampa simu.

WhatsApp ilifunguka, basi laini ilikuwa nzima. Mail, kimya. Akamwomba mwenye kibanda wifi yake: mail moja ikachungulia, wifi ikakatika.

"Mot de passe, neno la siri, ni nzuri. Shida iko kwa mega za internet."

Akapekua paramètres, mipangilio ya simu. Hapo: mail zimekatazwa kutumia mega, zingoje wifi tu.

"Nani alifunga hii?"

Léocadie akatazama viatu vyake. "Ni miye. Zilikuwa zinakula forfait yote ninayonunua. Nilitaka mega zibaki za kuongea na wewe."

Murhula alitaka kucheka, ikashindikana. Akabonyeza kuzifungulia.

Zikaingia kumi na moja. *Muko wazima?* *Nimefika kambi ya Mugunga, hamuko.* Ya mwisho, ya jana, Léocadie aliisoma mara mbili, akajipangusa macho kwa ncha ya kitenge.

"Mambo ya mahari unayaandika kwa anuani ya kazi? Mutu wa informatique, wa kompyuta za bureau, atasoma."

"Mutu wa informatique ni mimi."

Honi tena. "Léocadie, panda," Sibomana akaita.

"Papa, shusha godoro langu. Siendi tena."

"Na huyu ni nani?"

"Ni Murhula. Atakuja kukuona dimanche, kisha kanisa, na wazee wa kwao."

Muzee Sibomana akazima injini, akashuka kumtazama vizuri.