Kabureta Zinabaki

Gari lilizima katikati ya makutano, saa ya watu kutoka kazini, na honi zikaanza. Lilikuwa gari jekundu la michezo, la viti viwili, lenye umri kumzidi mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Pindo, fundi cherehani aliyelirithi kwa mama yake. Akashuka na gauni lake la kijani lililomkaa sawasawa kiunoni, akafungua boneti, honi akaziacha zilie.

"Usiwashe tena," mtu akasema nyuma yake. "Umeshalilewesha kwa mafuta."

"Na wewe nani, daktari wake?"

"Fundi. Ila ukinipa udaktari sikatai."

Alikuwa mrefu, na ovaroli yake ilikuwa imepigwa pasi, jambo ambalo Pindo hakuwahi kuliona kwa fundi magari yeyote. Wakalisukuma pamoja hadi pembeni. Kabla injini haijawaka, Pindo alikuwa ameshapenda, wala hakujidanganya.

Mapenzi yakakolea. Jumamosi hazikupita bila Pindo kukaa gereji, akila karanga na kumchokoza Fundi. Jioni zilikuwa za simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na gari letu?"

"Gari langu."

"Si ndivyo nilivyosema? Letu."

Kisha siku moja Fundi akasema, bila kumtazama, "Tutoe kabureta, tuweke injekta. Kompyuta itapima mafuta yenyewe. Halitazima tena barabarani."

"Kompyuta, kwenye gari la mama? Wewe ndiye uliyezisifu kabureta hizi."

"Nilizisifu. Sasa nasema hivi."

Wimbo huo Pindo aliujua. Kaka yake alikuwa akiuimba tangu walipomzika mama: weka injekta au uza. Kuusikia kwa Fundi kulimuuma. Usiku akapiga simu, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, vilevile. Akufukuzaye hakwambii toka, akajisemea. Asubuhi akaenda gereji kulichukua gari lake.

Alimkuta Fundi ameinamia injini inayounguruma, amempa mgongo. Mkononi alikuwa na kipande cha mpira wa maji, ncha moja kwenye mdomo wa kabureta, nyingine sikioni. Akahamishia sikio la pili. Akarudia la kwanza. Simu yake ililia mezani, hakugeuka. Pindo akamwita, hakugeuka. Akazunguka mpaka mbele yake, na Fundi akashtuka.

"Tangu lini?" Pindo akauliza.

Fundi akazima injini, akafuta mikono muda mrefu. "Sikio la kushoto limekwisha. La kulia linafuata polepole. Kabureta mbili lazima zivute hewa sawa, na usawa huo unausikiliza. Mimi siupati tena. Injekta haihitaji masikio yangu."

"Ukaona unifiche."

"Niliona ukiniacha, angalau uondoke na gari zima."

Pindo alikasirika mpaka machozi yakamtoka. "Nani alikupa kazi ya kuniamulia nimwache nani?"

Akampokonya mpira. "Washa."

Kabureta ya mbele ilipumua sikioni mwake. Ya nyuma ilipumua kinyonge. Mtu aliyezoea kujua kwa mlio kwamba cherehani inataka kukata uzi hakuhitaji kufundishwa zaidi.

"Ya nyuma inavuta kidogo. Kaza."

"Hapo tunalegeza."

"Basi legeza, mbona unabisha?"

Fundi akazungusha bisibisi.

"Umepitiliza. Rudi. Hapohapo."

Injini ikatulia. Fundi akaweka kiganja juu yake, akajua.

"Utanichoka, bibie. Siku itafika utapiga kelele nisikusikie."

"Nitakuandikia ukutani. Nitakufinya. Na midomo yangu utaisoma, si unaitazama kutwa?"

Fundi akacheka bila kupenda. Hapo simu ya Pindo ikalia. Kaka.

"Mdogo wangu, umeamua?"

Pindo akasogea kuliani kwa Fundi, akapaza sauti mpaka mafundi wote wakaacha kugonga.

"Kabureta zinabaki, kaka. Na fundi wake anabaki. Akinioa sawa, asiponioa namwoa mimi."

"Huna haya wewe?"

"Sina."

Akakata. Gereji nzima ilimtazama Fundi, na Fundi akatazama bisibisi yake.

"Umesikia?" Pindo akauliza.

"Masikio yangu mabovu siku hizi," Fundi akasema, uso umemjaa tabasamu. "Sema tena."

Akasema tena.