Miche ya Mzee Reino

Jumamosi ile kituo cha mafuta kilifurika. Pikipiki za theluji zaidi ya thelathini zilinguruma zikisubiri zamu. Arlys Kangas, ndani ya koti la kijani la walinzi wa kujitolea wa njia za pikipiki hizo, alimwendea mwanamume aliyekuwa akivua helmeti.

"Kaka, umepita nje ya vigingi pale darajani. Nimekuona."

"Umeniona mimi, au umeona pikipiki?" Ndevu zake zilikuwa zimeganda barafu, na suti nyekundu ilimkaa vizuri mno.

"Nimeona kichwa kigumu."

"Basi nifundishe, dada. Naitwa Corwin. Mtu wa Minneapolis, sijui kitu."

Akamfundisha: kaa kulia, punguza mwendo penye nyumba, shamba la mtu usiliguse, maana njia nzima hupita kwenye ardhi za watu kwa hisani yao tu. Kufikia Februari somo lilikuwa likiendelea kwa simu kila jioni.

"Unanipenda mimi au njia zako?"

"Njia hazikoromi, laazizi."

Kisha mtu akakatiza kwa pikipiki shamba la Mzee Reino Maki, akavunja miche mia mbili ya misonobari ambayo mzee aliipanda na marehemu mkewe. Reino akafunga geti. Njia ikakatika, wageni wakaacha kuja, mkahawa wa kijiji ukabaki mtupu.

Kwenye mkutano wa klabu ya waendesha pikipiki, jina la Corwin lilitajwa kama mshukiwa. Arlys akasimama.

"Siku ile alikuwa na mimi kutwa nzima." Alikuwa naye hadi saa nane tu. Akamgeukia binamu yake Delbert, dereva wa trekta la kulainisha njia, aliyewahi kuonywa mara mbili kwa kutoka nje ya vigingi. "Asiye na adabu hapa mnamjua."

Delbert alikana hadi sauti ikamkauka. Walimfukuza klabuni, na kazi ikaenda. Akauza pikipiki yake, akaondoka kwenda kwenye visima vya mafuta huko Dakota.

Machi, Corwin alipiga simu akicheka. "Yule mzee bado kanuna? Si vimiti tu, mpenzi! Hata sikuvihisi."

Arlys akaketi. "Ni wewe?"

"Nilidhani unajua. Si ulinikingia kifua?"

"Njoo Jumamosi. Utamwambia mzee mwenyewe."

Alikuja, na alisema. Reino alimsikiliza mlangoni bila kumkaribisha. "Geti nitalifungua," alisema. "Lakini wewe usipite."

Walipofika kwenye gari Corwin akatoa pete. "Nimejidhalilisha kwa ajili yako. Sasa twende zetu mjini, unioe au nikuoe, vyovyote."

Zamani Arlys angecheka. "Ungeniambia siku ileile, ningekusamehe, Corwin. Ningepiga hata magoti mbele ya mzee kwa ajili yako. Lakini nimemla nyama ndugu yangu kwa sababu yako, na kila nikikutazama nasikia sauti yake."

"Kwa hiyo hunipendi?"

"Nakupenda. Nenda."

Alimtazama akiondoka, kisha akaendesha moja kwa moja hadi kwa shangazi yake, mama yake Delbert. Akabisha. Pazia likatikisika.

"Shangazi, ni mimi. Nimekuja kuomba radhi. Nipe namba ya Delbert."

"Nina wageni," sauti ikajibu kutoka ndani.

Uani hapakuwa na gari lingine, wala alama ya mguu kwenye theluji isipokuwa yake. Arlys alisimama hapo hadi vidole vikafa ganzi. Ndani, ufunguo ukazungushwa mlangoni mara ya pili.