Anayepinga Asimame

"Kesho usiposimama, futa namba yangu."

"Mpenzi, mbona vitisho tena?"

"Si vitisho. Mdomo tunajua unao. Miguu je?"

Kijana aliyekuwa akikaripiwa, vijana wenzake wa chama walimwita Spika kwa domo lake. Mchumba wake, huyo mkaripiaji, ndiye katibu wa mikutano, na mwenyekiti wa chama ni baba mzazi wa mchumba huyo. Vijana walitaka viongozi wachaguliwe kwa kura ya siri. Mzee hakutaka hata kusikia. Yeye hutangaza azimio, kisha huuliza, "Anayepinga asimame," huku macho makali yakizunguka ukumbi. Nani athubutu?

Spika hakumwambia Katibu kwamba asubuhi ile mzee alimwita ofisini.

"Kijana, ukisimama kesho, binti yangu utamsikia redioni."

Akisimama anamkosa, akikaa anamkosa. Maji yalimfika shingoni.

Kesho yake ukumbi ulifurika.

"Imependekezwa niendelee kuongoza. Anayepinga asimame!"

Watu wakainamisha vichwa. Spika alikodolea macho viatu vyake. Simu ikatetemeka mfukoni, ujumbe wa Katibu: "Vipi wewe??" Akaizima.

Kiti kikaburuzwa meza kuu. Katibu alikuwa amesimama, kando kabisa ya baba yake.

"Mwanangu, kaa chini!"

"Baba, si umeuliza? Mimi napinga."

Aibu ilimchoma Spika kuliko hofu. Akainuka.

"Mzee, jana uliniambia nikisimama namkosa binti yako. Basi nimkose nikiwa nimesimama."

Ukumbi ukaguna. Katibu akamgeukia baba yake.

"Baba! Mimi ndiyo rushwa ya kumziba mtu mdomo?"

Huko nyuma watu wakaanza kuinuka, hata dada wa mzee mwenyewe. Ikabidi kura ya siri ipigwe, na mzee akaangushwa.

Nje, Spika alimkuta Katibu ameegemea ukuta, macho mekundu.

"Umechelewa kusimama."

"Najua. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila ukinificha jambo tena, utanitambua!"

Posa mzee aliikataa mara mbili. Siku ya ndoa alikuja shingo upande, akakaa safu ya mbele, uso umemvimba.

Msajili wa ndoa akainua macho.

"Kuna anayepinga ndoa hii? Kama yupo, asimame."

Ukumbi mzima ukamgeukia mzee. Akashika mikono ya kiti. Katibu akamkaba Spika vidole.

Mzee akajiweka sawa kitini.

"Mnaniangalia nini?" akafoka. "Si mnaona nimekaa?"