Mzigo Lazima Uonjwe

SAA TATU ASUBUHI

Mjomba alipanga vizibo vya soda juu ya godoro jipya, bado liko ndani ya nailoni. Chumba cha nyuma cha duka lake la magodoro kilikuwa na sifa moja tu: ukipiga kelele, unasikia mwenyewe.

"Hiki ghala. Hiki geti. Hili gari letu." Akaongeza kizibo kilichopondeka. "Na huyu mlinzi. Mzee. Mchana yuko kibandani, redio sikioni. Hakuna mtu kumgusa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema Breki, akicheka. Breki alikuwa dereva. Walimpa jina hilo kwa sababu hakuwa na mazoea ya kuzitumia.

Mizani, mwanamke anayepima mizigo kule ghalani, alisimama mlangoni na sare yake ya kazi. "Nimeomba ruhusa ya kumpeleka mtoto kliniki," alisema. "Sina mtoto. Fanyeni haraka."

Mzigo wenyewe ungetosha kwenye buti la teksi. Chipu. Kidude cheusi, ukucha wa mtoto mdogo ni mkubwa kuliko hicho. Lakini dunia nzima ilikuwa inakililia. Kiwanda kimoja ng'ambo kiliungua, kingine kikakaukiwa maji, meli zikakwama bandarini, na wenye fedha zao wakanunua hadi za mwaka unaokuja. Magari mapya yalijaa uwanjani, yana taa, yana viti, yananukia upya, akili hayana. Bei ya kidude hicho ilikuwa imepanda mpaka ikasahau njia ya kushukia.

"Mnunuzi anataka mihuri mizima," Mjomba akasema. "Vifuko visiguswe."

Breki akaacha kucheka. "Mzigo lazima uonjwe. Sheria yako mwenyewe hiyo."

Ilikuwa sheria kweli, na iliandikwa kwa damu. Zamani genge hili liliiba masanduku ya simu, likampelekea mnunuzi vilevile yalivyofungwa. Kufungua, ndani mna vigae vya bafuni. Vijana wawili walibaki hukohuko. Tangu siku ile hakuna tena kuuza mbuzi kwenye gunia: mzigo unakatwa mbele ya wote, na mwonjaji ni mtu ambaye wote wanamwamini.

Safari hii mwonjaji alikuwa Lehemu. Fundi wa redio na simu, vidole vimeungua ncha zote, mtu wa maneno machache. Mjomba aliitwa mjomba na mtaa mzima, lakini kwa Lehemu alikuwa mjomba wa damu, mdogo wake mama, tumbo moja.

"Basi kifuko kimoja tu," Mjomba akakubali kwa shingo upande.

"Humo natoa chipu moja," alisema Lehemu. "Ya mama."

Mjomba akamwangalia, macho yakalainika. "Dada yangu yule. Alinibeba mgongoni mpaka nikaota ndevu. Chukua hata kumi, mpwa wangu."

Lehemu hakuja kwa ajili ya pesa. Figo za mama yake zilikuwa zimekufa. Hospitali ilikuwa na mashine tatu za kusafisha damu. Mbili zilifunikwa shuka muda mrefu zikingoja vipuri ambavyo vilikuwa vinakuja kila mwezi, havifiki. Ya tatu ilizima wiki iliyopita. Tangu hapo miguu ya mama ilivimba, uso ukajaa, pumzi ikawa ya kukopa. Fundi wa hospitali alifungua bodi, akamwonyesha Lehemu kidude kilichoungua. Ndicho hichohicho kinachopandisha vioo vya magari. "Niletee kimoja," alisema, "nami siulizi umekitoa wapi."

Lehemu alikitafuta kila duka. Aliambulia pole. Ndipo akaenda kwa mjomba wake, akijua ni mtu wa namna gani, akijipa moyo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha.

SAA SITA NA NUSU MCHANA

Jua la utosi. Wafanyakazi walikuwa wametoka kwenda kula. Ovaroli za kampuni ya usafirishaji zilikuwa mpya mno. Mjomba aliwaamuru wazifikiche kwanza kwenye vumbi.

Geti likafunguka. Mizani alikuwa amempigia mlinzi simu kwamba gari la kiwanda cha magari, wenye mzigo, limewahi. Breki akarudisha gari kinyumenyume hadi mlangoni.

Masanduku manne. Mepesi mpaka aibu. Mizani aliyasukuma bila kuwaangalia, kama mtu anayewapa jirani sukari.

"Haya, potea," akamnong'oneza Mjomba. "Mimi narudi kwenye mizani yangu."

Dakika chache tu, kazi kwisha. Gari likarudi getini taratibu. Hapo ndipo yule mzee alipotoka kibandani, redio mkononi, anatabasamu. Hakuwa na habari. Alikuwa anakuja dirishani kwa Lehemu.

"Fundi! Si wewe uliyeitengeneza hii?" Akainua redio. "Mwenzio nilikuwa naitupa. Tazama inavyoongea! Kumbe siku hizi uko kwenye magari?"

Lehemu akageuza uso. Aliikumbuka redio ile: waya wa spika ulikatika, kazi ya kunywa chai. Hakumtoza hata senti.

"Anakujua," alisema Breki.

"Twende," alisema Lehemu. "Twende tu, hana neno."

"Anakujua!"

Breki alishuka na spana ya magurudumu. Pigo moja, kichwani. Mzee alikaa chini polepole, akaegemea nguzo ya geti, halafu akalala. Redio ilianguka kando yake na kuendelea kusoma matangazo ya vifo, sauti safi kabisa, bila mkwaruzo.

"Nilisema asiguswe!" Mjomba alifoka.

"Basi shuka ukamwombe radhi," Breki akajibu, na gari likaruka barabarani.

Lehemu aligeuka nyuma mara moja tu. Alichukia mikono yake kwa kuwa ilikuwa hodari. Kama angeiacha redio ile ife, mzee angekuwa hai na asingemjua.

SAA NANE MCHANA

Magodoro yaliegemezwa mlangoni. Masanduku manne sakafuni, na ndani yake vifuko vya rangi ya fedha, vimenyonywa hewa vikakauka kama biskuti. Breki alisimama kando ya mlango. Spana bado ilikuwa mkononi, na hakuna aliyemwambia aiweke chini.

"Onja," alisema.

Lehemu alikata kifuko kimoja. Ndani mlikuwa na gurudumu la plastiki lililozungushiwa mkanda, na katika kila kijumba cha mkanda chipu imelala. Alitoa moja kwa kibano. Akavaa lenzi yake jichoni. Maandishi meupe, namba sahihi, ileile. Moyo wake ukaruka.

Halafu akafanya kile ambacho fundi yeyote wa uchochoroni hufanya siku hizi. Alichovya pamba kwenye spiriti, akaipitisha juu ya chipu.

Jina likahamia kwenye pamba.

Chini yake palikuwa na mikwaruzo ya msasa, na chini ya mikwaruzo kivuli cha namba nyingine. Chipu kuukuu. Zilibanduliwa kwenye mitambo iliyotupwa jalalani, zikasuguliwa, zikapigwa jina jipya, zikafungwa ndani ya fedha. Dunia ikiwa na njaa, matapishi nayo yanatiwa kwenye sahani. Mwizi mwingine, mwenye tai na ofisi, alikuwa amewatangulia. Kiwanda kile kingeibiwa tu, hata kama wao wangelala nyumbani.

"Vipi?" Mjomba aliuliza.

Lehemu hakuinua uso. Akisema ukweli, Breki atadhani Mjomba kabadilisha mzigo, na spana ile imeshazoea. Hakuna atakayetoka chumbani akiwa mzima, na mama anangoja. Tena, kuukuu si lazima iwe mfu. Alishawahi kuona chipu ya jalalani ikifufua televisheni. Labda. Neno hilo moja dogo ndilo alilolishika: labda.

Na mzee wa getini je? Amekufa kwa ajili ya takataka? Hilo nalo hakuweza kulitamka mbele ya watu.

Aliificha pamba kiganjani.

"Safi," alisema.

"Apa."

"Naapa kwa mama."

Breki akashusha pumzi, akashusha na spana. Mjomba akamkumbatia mpwa wake mpaka lenzi ikaanguka. "Nenda kwa dada. Mwambie nakuja kumwona. Sisi tunampelekea tajiri mzigo wake."

Lehemu aliifunga chipu moja ndani ya karatasi ya sigara. Mlangoni aligeuka. Alitaka kusema, mjomba, usiende. Alimwona Mjomba akikilaza kile kifuko kilichokatwa juu ya vyote, kwa heshima, ili mnunuzi akikute mapema na kujua kwamba hawana la kuficha. Mihuri mizima pengine mtu angeipokea kwa macho. Kilichokatwa kinamwita kila mtu aingize kidole.

Alikwenda zake.

SAA KUMI ALASIRI

"Umefanya mambo," alisema fundi wa hospitali. Alishika pasi ya kulehemu, akavitazama vidole vya Lehemu, akamkabidhi aifanye kazi mwenyewe. Miguu ya chipu ilikuwa mingi na myembamba kama nywele. Alilehemu mguu kwa mguu, hapumui. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na ndiyo iliyomuumiza zaidi baadaye.

Mama alilala kando ya mashine, shuka limemfika kifuani. "Mwanangu, umekula?"

"Nimekula, mama."

"Mwongo. Toka utoto ukidanganya unakuna sikio."

Lehemu akaushusha mkono.

Fundi akawasha. Taa ya kijani. Maji yakaanza kuzunguka ndani ya mirija, mashine ikanguruma kidogo, ikajisafisha koo. Nesi alipiga makofi. Mama akacheka bila sauti, machozi yakimtiririka hadi masikioni.

"Inajipima kwanza," fundi alieleza. "Ikimaliza, tunamuunga."

Ikajipima. Hatua ya kwanza, kijani. Ya pili, kijani. Ya tatu ilikawia. Ukaja moshi mwembamba, harufu ambayo Lehemu aliijua kuliko harufu ya nyumba yake. Taa ikawa nyekundu na ikabaki hivyo.

Fundi alifungua kifuniko. Alitazama, kisha akasema chini kwa chini, "Imeondoka na bodi nzima. Kabla ya hapa ilikosa kidude kimoja. Sasa hata kikija halisi, hakina pa kukaa." Akamwangalia Lehemu. "Ulikipima?"

"Nilikipima."

"Na?"

Lehemu akaiweka pasi chini. Fundi alikusanya vifaa vyake, akatoka na nesi bila kuaga.

"Imekuwaje?" mama aliuliza. Alikuwa amewageukia fundi na nesi mlangoni, taa hakuiona.

Lehemu alitoa kitambaa chake cha mkononi, akakitundika juu ya ule wekundu. "Bado inajipima, mama."

"Ijipime tu. Mimi nimengoja muda wote huu."

Mlango ukafunguliwa. Mjomba aliingia, katikati ya wanaume wawili wenye mashati yaliyopigwa pasi. Mdomo wake umepasuka, jicho moja limeziba. Koti lilikuwa limekunjwa juu ya mikono yake, ijapokuwa kulikuwa na joto.

"Mdogo wangu!" Mama alijaribu kujiinua. "Jamani, umeanguka? Na wageni umeniletea!"

"Nimeanguka, dada."

Lehemu alisogea karibu, akanong'ona. "Breki?"

"Kabaki kwa tajiri. Fundi wao alilamba kidole tu, akasugua." Mjomba aliongea mdomo ukiwa haufunguki vizuri. "Milio ya risasi ikawaleta hawa. Uliniambia safi. Uliapa kwa dada yangu, mtoto wewe."

"Na wewe ulisema mzee haguswi."

Mmoja wa wale wanaume akakohoa. "Mzee wa geti amefariki," alisema kwa upole, kwa sababu ya mgonjwa. "Alisema maneno mawili tu. Fundi wa redio." Akamgeukia Mjomba. "Ndiye huyu aliyempiga?"

Breki alikuwa amekufa, na maiti hainyongwi; ilitakiwa shingo iliyo hai, ya Mjomba au ya mpwa wake. Mjomba alimtazama dada yake, akamtazama mpwa wake, akayatazama macho ya yule askari kanzu. Lehemu aliona kabisa jibu likipikwa. Zimwi lilikuwa limemjua tangu utoto, likajua pia mahali pa kumkuta saa hizi.

"Ndiye," alisema Mjomba.

"Ndiye nani?" mama akauliza. "Mnamwongelea nani?"

Lehemu angeweza kukana. Angeweza kupiga kelele hadi wodi nzima isikie, na mama angejua yote: mzee, redio, moshi, ndugu yake. Akainama, akamfunika miguu iliyovimba.

"Wageni wana redio mbovu, mama. Nawasindikiza nikaitazame."

"Haya. Fadhila haiozi." Akaupapasa ukingo wa kitanda. "Mdogo wangu, wewe kaa hapa nami. Nipe mkono."

Mjomba hakutoa mkono. Chini ya koti kitu cha chuma kililia kidogo, na askari wa pili akamsogeza ukutani.

"Utarudi kabla haijamaliza kujipima?" mama alimuuliza mwanawe.

Lehemu alikuna sikio. "Nitarudi, mama."

Mama aliuona mkono ule. Aliutazama hadi ulipopotea mlangoni, kisha akaugeuza uso wake kwenye mashine, kwenye kitambaa kilichoanza kuonyesha wekundu.