Gari Tupu

Foleni ya kuchukua leseni ilikuwa imetoka hadi nje ya mlango, na jua halikuwa na huruma.

"Dada, umechukua zamu yangu," kijana mmoja mwenye unga mabegani alimwambia binti aliyesimama mbele yake.

Binti akageuka. Gauni la kijani, utepe wa kupimia nguo bado unaning'inia shingoni. "Zamu yako ilikuwa imeandikwa jina?"

"Haikuwa na jina, ila ilikuwa nzuri kama wewe."

"Umeshawaambia wangapi hayo?"

"Nilimjaribu huyu mzee wa nyuma. Amekataa."

Binti akacheka mpaka utepe ukaanguka. Waliondoka na leseni mpya na namba za simu. Binti alishona magauni ya harusi. Kijana aliwapelekea wateja keki kwa gari la shangazi yake, mwenye duka la keki. Wakaanza kuitana Fundi na Keki, na mapenzi yakakolea.

"Keki wangu, uko wapi?" Fundi alipiga simu kila jioni. "Ukichelewa nalala!"

"Usilale, roho yangu. Nimeshafika!"

Jambo moja tu Keki alimficha. Dereva mpya akinaswa kwa mwendo kasi mara nne kabla leseni haijatimiza mwaka, ananyang'anywa na kurudi kujifunza upya. Kamera ilikuwa imeshamnasa mara tatu. Leseni ikienda, na kazi imekwenda. Angemtazamaje Fundi usoni?

Jumamosi moja Fundi alipanda gari akiwa na gauni la hariri mapajani, kazi yake kubwa ya kwanza. Bibi harusi alikuwa anasubiri. Keki akaendesha gari likitambaa barabarani.

"Kanyaga mafuta, baba! Hata baiskeli inatupita!"

"Tutafika, mpenzi."

"Lini? Ukija kula kwangu unakuja kama upepo. Leo ni kazi yangu, ndiyo umegeuka kobe?"

"Si hivyo..."

"Basi ni vipi? Sema!"

Keki akatazama kipima mwendo, akazidi kupunguza.

Kwenye taa nyekundu Fundi akashuka, akadandia pikipiki. Upindo wa gauni ukagusa mnyororo, ukatoka mweusi kwa grisi. Bibi harusi alilia. Fundi akapiga magoti sakafuni, akaukata upindo na kuushona upya kwa mkono, sindano ikimchoma vidole kwa haraka. Keki alipofika, alipewa neno moja tu: "Usinipigie."

Kesho yake simu ya Fundi ililia kwa namba ya Keki, lakini sauti ilikuwa ya mwanamke.

"Mwanangu, mimi ndiye shangazi wa huyo kichwa maji. Nimemfichia funguo."

"Kwa nini, shangazi?"

"Anataka kuja mbio kukuomba radhi. Akinaswa tena, leseni imekwenda. Kwani hakukuambia?"

Fundi akakaa chini. "Alinaswa wapi?"

"Barabara ile ile ya kuja kwako, mara zote tatu. Akiwa na keki anaendesha kama amebeba kichanga, maana ikiyumba inaporomoka. Akishaishusha, gari tupu, anaruka!"

Ukichelewa nalala. Fundi aliyasikia maneno yake mwenyewe, na hasira yake, badala ya kuisha, ikapata mtu wa pili: yeye mwenyewe.

"Angesema tu, shangazi! Ningeondoka nyumbani mapema. Mjinga!"

"Mjinga wetu," shangazi akajibu.

"Basi mpe funguo. Ila asije na gari tupu. Nataka keki ya ghorofa tatu, krimu laini kuliko zote ulizowahi kutengeneza."

Siku hiyo chai ilipoa mezani. Fundi alisubiri dirishani, akiuma midomo asipige simu. Hatimaye gari likaja likinyata, honi za wenye haraka zikilifokea kwa nyuma. Keki akashuka na sanduku mikononi, shati limelowa jasho.

"Fundi, nilipaswa kukuambia..."

"Ulipaswa. Nyamaza kwanza." Akainua kifuniko. Ghorofa tatu, wima, hazikuyumba hata kidogo.

"Ni ya nani? Shangazi amegoma kusema."

"Ya uchumba."

Uso wa Keki ukaporomoka. "Uchumba wa nani?"

"Wa dereva mmoja mficha mambo, akikubali kuendesha hivi kila anapokuja kwangu." Fundi akarudisha kifuniko taratibu. "Achelewe anavyotaka. Sitalala."

Keki alitaka kumkumbatia, lakini mikono yake ilikuwa imejaa keki.