Chumba cha Nasriya

Kwanza ilikuwa harufu ya manyoya ya kuku yaliyolowa, tena ndani ya nyumba ya Bakhita, mwanamke anayesugua hata kizingiti. Ilitoka chumbani kwa bintiye. Nasriya alikuwa kasafiri kwenda India, kusoma chuo cha Watibeti huko milimani. Kaahidi kupiga simu akifika tu. Simu kimya.

Bakhita akamwaga dawa ya choo sakafuni. Uvundo ukazidi. Adhuhuri akafungua mlango, akaona godoro limebonyea katikati, na mto umeroa mate ya njano yanayovutika kama bamia, na ndani ya mate mna nywele ndefu za Nasriya, na palepale pasipo na mtu kitu kinafyonza, kinameza, kinafyonza tena.

Mama mkwe wake, Bi Masouda, akaja na ubani, pua kaziba kwa mtandio.

"Weye, chumba hiki ulikifagia lini?" akanong'ona.

"Siku ileile. Gari halijafika barabarani nshamaliza."

"Khaa! Msafiri huachiwa uchafu wake mpaka ije khabari kuwa kafika. Umemfuta mtoto, chumba keshapanga mwengine. Huyu akizoea, yule hafiki tena."

"Ntafanyaje, mama?"

"Taka ziko wapi?"

"Pipani, nje."

"Kazirejeshe. Kinyaa utaona ukishampata mwanao."

Pipa la mtaani, mjini Hail huko Saudia, na joto la mwezi wa Julai! Bakhita, ambaye samaki hamshiki kwa mkono mtupu, akazama mpaka kiunoni katika nepi, matumbo ya papa na funza, akapekua hata akaupata mfuko wake. Akamwaga vumbi, kucha na nywele juu ya godoro. Kitu kikacheka. Taka peke yake hazikukitoa; basi akapanda akalala juu ya godoro, akigombea mahali pa mwanawe, akahisi ulimi wa baridi unampanda shingoni, unamlamba sikio, unamwonja taratibu kama mtu aonjaye mchuzi, naye akabana macho akasoma Ayatul Kursi na matapishi yamemjaa kooni, akasoma, akameza, akasoma, mpaka ulimi ukanyauka na godoro likainuka lenyewe.

Simu ikalia.

"Mama? Nimefika chuoni. Sijui imekuwaje, teksi ilikuwa ikizunguka mlima uleule usiku na mchana, dereva hageuki, hasemi. Sasa hivi imesimama mbele ya lango, natazama, dereva hayumo... Mama, unalia?"

"Nnatapika," akasema Bakhita. "Zungumza tu, nnakusikia."