Dawa ya Mbuzi si ya Mtoto

Mvua ilinyesha Bura wiki mbili mfululizo. Wafugaji walimshukuru Mungu kwa malisho, lakini Kaltun hakuweza kufurahi. Mvua ya mwaka jana bintiye Hinda alishikwa na malaria, na siku ya nne wakamzika. Sasa alibaki na Fathi tu, mtoto wa miaka miwili. Kila mbu aliyelia sikioni alimtia hofu.

Kila jioni alichoma uunsi, ubani wa nyumbani, mpaka nyumba ikajaa moshi. Fathi alikohoa, na mbu wakazidi kuja.

"Moshi hausaidii," alimwambia mumewe, Dagane. "Huyu naye atakufa nikimtazama."

Dagane alikuwa mfugaji hodari, na mtu hodari hakosi jibu. Alileta chupa ya dawa ya kuogeshea mbuzi.

"Kupe ni mgumu, na hii inamuua," alisema. "Mbu ni nini?"

Aliichanganya na maji, akanyunyizia godoro lote. Baada ya sala ya adhuhuri, Kaltun alimlaza mtoto hapo.

Alasiri Fathi alitokwa na mate mengi, akatapika, mwili ukalegea. Kaltun alimwita kwa kilio Sirad, mhudumu wa afya wa mtaa. Sirad alinusa godoro akaelewa.

"Eedo, mvue nguo," alimwambia Kaltun kwa heshima, kama shangazi yake. "Tumuoshe kwa sabuni na maji mengi. Dagane, tafuta gari. Chupa tuibebe, daktari aione."

Walikaa hospitalini siku tano. Kaltun hakula. Alimwomba Mungu amchukue yeye amwache mtoto. Siku ya tano Fathi aliomba maziwa.

Waliporudi nyumbani, Sirad aliwatembelea.

"Dawa ya mifugo ni sumu kwa mtu," alisema. "Inapita kwenye ngozi. Godoro lile halifai tena. Uunsi nao unanukia vizuri, lakini si kinga ya malaria. Chandarua mlichopewa kliniki kiko wapi?"

Dagane aliinamisha kichwa. "Tulikizungushia zizi la vitoto vya mbuzi, mbweha wasiingie."

"Tangu lini?"

"Tangu Hinda akiwa hai," alijibu Kaltun. Akampakata Fathi.

Sirad hakuwalaumu. Aliwaletea chandarua kingine chenye dawa.

"Kianikeni kivulini siku moja, kisha mkitundike," alisema. "Pindo lichomekwe chini ya godoro. Mlale ndani kila usiku, hata kiangazi. Kikitoboka, kishoneni. Madimbwi ya maji yaliyo karibu na nyumba yafukieni. Na mtoto akipata homa, apimwe siku hiyo hiyo."

Walifanya hivyo. Mvua ikaisha, na Fathi hakuugua malaria. Hata hivyo Kaltun hakupata raha. Kila alipochomeka pindo la chandarua alihesabu mtoto mmoja badala ya wawili, akalia.

Siku moja jirani yake Naimo alibisha hodi.

"Nasikia Dagane ana dawa ya kuua mbu," alisema. "Nigawie kidogo, walaal, ndugu yangu. Watoto wangu hawalali."

Kaltun alimkalisha. Alimweleza habari ya godoro, kisha ya zizi, kisha kwamba chandarua kilikuwa zizini Hinda alipougua, jambo ambalo hakuwa amemwambia jirani yeyote. Naimo alilia pamoja naye. Jioni ile ile walikwenda nyumbani kwa Naimo, wakatoa chandarua chake sandukuni, wakakitundika.